UZI: Mpango wa kurejesha seva na kanzidata baada ya janga. Tuanze na hesabu, vifaa baadaye

Nahodha_wa_Data · #1

Wakuu, habari za jioni.

Swali la "ninunue nini kwa ajili ya kituo cha akiba" linajirudia sana humu, na majibu yake huwa orodha ya vifaa. Naweka uzi wa hesabu ili mtu akienda kuomba bajeti awe na namba mkononi. Mfano wangu ni huu: kanzidata ya PostgreSQL yenye TB 1.2, seva mbili za Tomcat zinazoendesha programu, HAProxy mbele yake ya kuzigawia maombi, kituo kikuu Dar es Salaam, cha akiba Dodoma, na laini ya Mbps 100 katikati. Kanzidata inazalisha GB 60 kwa siku za WAL, yaani kumbukumbu ya kila badiliko, ambayo huchezwa upya juu ya bekapu. Wa Oracle na MySQL hesabu ni ileile, majina tu ndiyo tofauti.

Namba mbili za kwanza hutoka kwa mwenye biashara. RPO ni data ya muda gani mko tayari kuipoteza. RTO ni muda gani huduma inaweza kukaa chini. Usimuulize mkurugenzi anataka ngapi, atakujibu sifuri na sifuri. Muulize hivi: miamala ya dakika 5 ikipotea, nani ataijaza upya, na kwa kuangalia karatasi gani? Kama jibu ni "hakuna karatasi", hapo RPO imejieleza yenyewe.

Sasa hesabu. Tuseme bekapu kamili ikibanwa inakuwa GB 400. Mbps 100 ni MB 12.5 kwa sekunde kwenye makaratasi, ukiwa mkweli hesabu 10. Kuivuta kupitia laini hiyo ni sekunde 40,000, yaani saa 11 na ushee. Kama bekapu kamili ni ya Jumapili na janga ni Jumamosi, kuna WAL ya siku 6, GB 360. Ikibanwa hadi theluthi, ni GB 120 za kuvuta, saa 3 na dakika 20 nyingine. Kuicheza upya kwa kasi ya MB 50 kwa sekunde ni saa 2, ingawa hiyo yaweza kwenda sambamba na kuvuta. Jumla ni karibu saa 15 hata vikienda sambamba. Aliyeandika "RTO saa 4" kwenye waraka wake huku bekapu iko upande wa pili wa laini hiyo ameandika ndoto.

Bekapu ikiwa tayari imekaa Dodoma, mambo hubadilika, ila kuna mtego: ukirejesha huandiki GB 400, unaandika TB 1.2. Diski zinazoandika MB 400 kwa sekunde zitachukua dakika 50, zinazoandika MB 100 zitachukua saa 3 na dakika 20. Diski za bei poa za kituo cha akiba ndizo huvunja RTO.

Kobe_Taratibu · #2

Mkuu shukrani, lakini mbona unazunguka? Weka replika (nakala hai ya kanzidata) Dodoma, ifuate sekunde kwa sekunde. Dar ikizima unaipandisha cheo, dakika 2 umemaliza. Saa 15 za nini?

MamaSeva · #3

Kobe, replika ni ya lazima, hapo hatubishani. Ila ni kioo, inaonyesha ulichofanya hata ukikosea. `DELETE` iliyosahau `WHERE`, yaani inayofuta safu zote za jedwali, inafika Dodoma kabla hujanyanyua kidole kwenye Enter. Diski ikiungua, replika inakuokoa. Mtu akikosea, au toleo jipya la programu likiharibu data kimyakimya kwa siku 3, kinachokuokoa ni bekapu pamoja na WAL iliyohifadhiwa.

Someni tukio la GitLab, kampuni ya kuhifadhi msimbo wa programu, la tarehe 31 Januari 2017, walilieleza wenyewe hadharani. Fundi alikusudia kufuta saraka ya data kwenye seva ya pili, akaifuta kwenye seva kuu. Kati ya GB 300 hivi zikabaki GB 4.5. `pg_dump` yao (zana ya kuchukua bekapu) ilikuwa ikishindwa kwa sababu ilitumia toleo la 9.2 wakati kanzidata ilikuwa 9.6, na barua pepe za kuonya zilikuwa zikikataliwa na seva ya barua, kwa hiyo hakuna aliyejua. Kilichowaokoa ni snapshoti (picha ya diski ya wakati mmoja) ambayo mtu aliichukua kwa mkono saa 6 kabla, kwa kazi nyingine kabisa. Saa 6 za data zikaenda na maji.

Kwa hiyo mpangilio ninaoupendekeza kwa mfano wa mkuu hapo juu:

- Replika Dodoma inayofuata bila kuchelewa.
- Replika ya pili, mashine ndogo tu, yenye `recovery_min_apply_delay = '4h'`. Mtu akifuta jedwali saa 4 asubuhi, una hadi saa 8 mchana kulichomoa humo. Usiisahau kwenye zamu za usiku: kosa la saa 6 usiku likigunduliwa saa 2 asubuhi, replika hiyo nayo imeshalipokea.
- pgBackRest, zana ya bekapu, ghala likiwa Dodoma: kamili kila Jumapili, ya tofauti (yaliyobadilika tangu ile kamili) kila usiku. Ya tofauti kila usiku inaondoa ile habari ya kucheza WAL ya siku 6, unabaki na ya siku moja.
- `archive_timeout = 60` ili faili la WAL lisikae zaidi ya dakika moja bila kusafirishwa. Faili moja ni MB 16 hata likiwa karibu tupu, kwa siku yaweza kufika GB 23. Likibanwa linanywea sana, usiogope.

Halafu `archive_command`, amri inayosafirisha WAL kwenda ghalani. Ikishindwa, PostgreSQL haifuti WAL, inaiweka tu ndani ya `pg_wal` ikisubiri. Diski ikijaa, kanzidata inasimama. Yaani bekapu iliyokufa inaweza kuua mfumo ulio mzima. Weka onyo kwenye `pg_stat_archiver`: `failed_count` (idadi ya kushindwa) ikipanda, au `last_archived_time` ikizidi dakika 10, simu iite. Na sloti za replika (zinazoishikilia WAL hadi replika iipokee) vilevile: Dodoma ikizimwa wiki nzima huku sloti ipo, Dar inarundika WAL. Kuanzia toleo la 13 kuna `max_slot_wal_keep_size`, na chaguo-msingi lake ni bila kikomo. Liwekee kikomo.

Nahodha_wa_Data · #4

Hapo kwenye replika ya kuchelewa umenikumbusha kitu nilichokiruka. Kobe umepata jibu lako, au bado?

Kobe_Taratibu · #5

Nimekubali nusu. Sasa elezeni kurudi nyuma hadi dakika fulani kunafanyikaje, maana kila mtu anasema "PITR" anaishia hapo.

MamaSeva · #6

Kwanza zima Tomcat. Kila muamala unaoingia baada ya kosa ni muamala utakaokuja kuuokota kwa mkono. Pili, usirejeshe juu ya seva iliyoharibika. Tumia mashine nyingine, ile iliyoharibika ni ushahidi wako na huenda ukaihitaji.

Tatu, tafuta saa kamili ya kosa. Kama `log_statement = 'ddl'` ilikuwa imewashwa, `DROP` (amri ya kufuta jedwali) utaiona kwenye logi. La sivyo tumia `pg_waldump`, inasoma WAL na kuonyesha muda wa kila COMMIT (muamala uliokubaliwa). Kisha:

`pgbackrest --stanza=mfumo --delta --type=time --target="2025-03-14 10:42:00+03" restore`

Hiyo `+03` si urembo. Seva nyingi zimewekwa saa za UTC, ukiiacha unapishana na saa ya Afrika Mashariki kwa saa 3 nzima na unarejesha data iliyokwisha kuharibika.

Ikifika hapo inasimama na kukuruhusu kusoma tu. Kagua jedwali. Ikiwa umesimama mapema mno, zima, sogeza shabaha mbele, washa tena, itaendelea. Ukipitiliza, hakuna kurudi nyuma, unaanza kurejesha upya tangu mwanzo. Kwa hiyo lenga dakika mbili tatu kabla, halafu jongea. Ukiridhika ndipo `SELECT pg_wal_replay_resume();`.

Kama ni zoezi tu, ongeza `--archive-mode=off`, usije ukachanganya WAL ya zoezi na ya mfumo halisi kwenye ghala moja.

Fundi_Waya · #7

Niseme ya laini. GB 60 kwa siku ni wastani wa Mbps 5.6, mtu anaona Mbps 100 inabaki bure. Ila WAL haiji kwa wastani. Kazi za kufunga mwezi zikikimbia inaruka mara nyingi zaidi, na bekapu ya usiku inapita kwenye laini hiyohiyo. Tenga kipimo: WAL ipewe kipaumbele, bekapu ibanwe isizidi Mbps 60. Pima `replay_lag` (ucheleweshaji wa replika) kwenye `pg_stat_replication` usiku wa mwisho wa mwezi, siyo Jumanne mchana.

Wanaotaka RPO sifuri kwa kuifanya Dodoma ithibitishe kila muamala kabla haujakubaliwa: mwanga kwenye nyuzi za fiber huenda kilomita 1 kwa mikrosekunde 5. Kilomita 450 kwenda na kurudi ni milisekunde 4.5, na hapo sijahesabu vifaa vya njiani wala kwamba nyuzi hazinyooki. Kila COMMIT inalipa ushuru huo. Mfumo wa mishahara hautaona tofauti, mfumo wa miamala midogo midogo inayosubiriana moja baada ya nyingine utaona. Tena ukiwa na replika moja tu ya namna hiyo na laini ikikatika, Dar nayo inagoma kukubali miamala. Angalau mbili, `ANY 1 (a, b)`, yaani yoyote moja ikithibitisha inatosha, na moja iwe jengo la jirani.

Na wanaosema "tupeleke wingu la nje": tarehe 12 Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilikatika kwa pamoja upande wa Afrika Kusini, na intaneti ya Tanzania na majirani ikayumba vibaya. Nakala ya nje ya nchi ni nzuri kama nakala ya tatu. Kuitegemea iwe njia pekee ya kurudi hewani ni kumwomba mvuvi wa bahari ya mbali akuletee kitoweo cha leo. Zaidi ya hapo, kwa data za watu soma kwanza Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, ina masharti ya kusafirisha taarifa nje ya nchi.

Jicho_la_Kipanga · #8

Mnaongea kanzidata tu. Kanzidata ikirudi kwa dakika 20, Tomcat inakula saa 5, kwa sababu hakuna aliyeandika ndani yake mna nini. Vitu vinavyosahaulika:

`cacerts` ya Java, orodha ya vyeti inavyoviamini. Miezi mingi nyuma mtu aliingiza cheti cha mshirika kwa `keytool`, hakuandika popote. Kwenye seva mpya kila mwito kwa mshirika huyo unakataliwa.

Fonti. Ripoti za PDF zinatoka na visanduku vitupu.

Saa za eneo. JVM (injini ya Java) ya seva mpya iko UTC, risiti zinatoka na tarehe ya jana kila usiku kati ya saa 6 na saa 9.

Viambatanisho. Kanzidata ina njia ya faili, faili lenyewe lipo kwenye diski ya seva ya kwanza. Kama mfumo huongeza faili bila kufuta, nakili kanzidata kwanza, viambatanisho baadaye. Ukigeuza, utarejesha rekodi zinazoelekeza kwenye faili ambazo hazipo. Faili la ziada lisilo na rekodi halimdhuru mtu.

Anwani za IP. Washirika wa malipo wameruhusu IP ya Dar pekee, na tunneli ya VPN inaishia Dar. Ya Dodoma isajiliwe sasa hivi, fomu zao zinaweza kuchukua wiki. Hili ndilo linaloua mipango mingi kuliko diski.

Kazi za cron, zinazojiendesha kwa ratiba. Ukiwasha Dodoma huku cron zimewashwa kote kuwili, wateja wanapata SMS mbili za deni moja.

Kwa upande wa kuunganisha, usibadilishe IP kwa mkono kwenye faili 14. JDBC, kiunganishi cha Java na kanzidata, inakubali seva mbili:

`jdbc:postgresql://db-dar,db-dodoma/mfumo?targetServerType=primary`

Itajitafutia iliyo kuu. DNS iwe na TTL (muda wa kukumbuka jibu) ya sekunde 60, na hakikisha JVM haishikilii majibu ya DNS milele, kipimo ni `networkaddress.cache.ttl`.

Kobe_Taratibu · #9

Hiyo ya fonti imenichoma 😂

Mzee_wa_RMAN · #10

Kwa ndugu wa Oracle, kwa kifupi. Washa `FORCE LOGGING`, la sivyo mtu akipakia data kwa `NOLOGGING`, standby ya Data Guard (replika ya Oracle) inabaki na bloku zilizoharibika na utagundua siku ya kuihitaji. Washa `CONTROLFILE AUTOBACKUP` na uandike DBID (namba ya utambulisho wa kanzidata) kwenye karatasi. ORA-00257 maana yake sehemu ya archive log imejaa: usizifute kwa `rm`, RMAN (zana ya bekapu ya Oracle) itaendelea kudhani zipo, tumia `DELETE ARCHIVELOG` ndani ya RMAN. `RESTORE DATABASE VALIDATE` inasoma bekapu yote bila kuandika chochote, ipangie kila wiki. Lakini si mbadala wa kurejesha kweli.

MySQL: `mysqldump --single-transaction` inashika picha moja kwa majedwali ya aina ya InnoDB tu. Jedwali la MyISAM likibaki ndani, hilo halina dhamana.

Nahodha_wa_Data · #11

Sasa siku yenyewe. Muda mwingi haupotei kwenye amri, unapotea kwenye "tusubiri kidogo, pengine umeme utarudi". Andikeni: baada ya dakika 30 bila huduma, fulani (kwa cheo, na msaidizi wake) anatangaza kuhamia. Dakika hizo 30 ni sehemu ya RTO, si nyongeza.

Kabla ya kupandisha Dodoma, hakikisha Dar imekufa kweli. Laini ikikatika, Dodoma inaona Dar imezimika, kumbe wateja wa Dar bado wanaandika. Mafahali wawili hawakai zizi moja: ukiishia na kanzidata mbili zote zinapokea miamala, kuziunganisha ni kazi ya wiki. Zima umeme wa seva ya Dar kupitia iLO au iDRAC (udhibiti wa seva kwa mbali), au funga pote ya swichi. Ndiyo maana kwa vituo viwili siwashauri kuhama kwa kujiendesha. Patroni na etcd, zana za kuhama huko, zinahitaji wingi wa kura, na wingi haupatikani kwa wapiga kura wawili. Muwe na kituo cha tatu chenye shahidi, au binadamu aamue.

Mpangilio wa kuwasha: swichi na faiawoli, hifadhi ya diski, DNS na saa ya mtandao, kanzidata, Tomcat moja, jaribio, Tomcat ya pili, HAProxy, mwisho cron. Mtego wa kuku na yai: DNS ni mashine pepe iliyo ndani ya klasta ambayo yenyewe haiwaki bila DNS. Weka majina muhimu kwenye `/etc/hosts`. Na nywila za seva zisikae ndani ya mfumo uliozimika.

Baada ya `SELECT pg_promote();` ya kupandisha Dodoma, mhasibu atapiga simu kwamba namba za risiti zimeruka. Sikwensi (vitoa namba) za PostgreSQL huandikwa kwenye WAL namba 32 mbele, zinaweza kuruka hadi hapo bila muamala wowote kupotea. Mwambieni mapema. Miamala iliyopotea kweli itafuteni kwa kulinganisha taarifa ya mtandao wa simu au benki, kuanzia muamala wa mwisho uliofika Dodoma hadi saa ya kuzima.

Binti_Kanzidata · #12

Naongeza moja inayouma kimya. Seva ya Dodoma iwe na toleo lilelile la mfumo endeshi. glibc, maktaba ya msingi ya Linux, toleo la 2.28 ilibadilisha mpangilio wa herufi. Ukirejesha data kutoka CentOS 7 kwenda RHEL 8, au Debian 9 kwenda 10, kanzidata inawaka vizuri, hakuna kosa kwenye logi, lakini faharasa za maandishi zimeharibika. Kutafuta jina hakulipati ilhali lipo, na `UNIQUE` inaruhusu marudio. Ukilazimika, `REINDEX` faharasa zote za maandishi kabla ya kufungua milango. Na `max_connections` ya replika isiwe ndogo kuliko ya seva kuu, inagoma.

Fundi_Waya · #13

Virusi vya kudai fidia hamjagusa. Mvamizi hutafuta bekapu kwanza. Seva ya bekapu isiwe ndani ya domeni ileile, na akaunti inayoandika isiwe na ruhusa ya kufuta. Nakala moja iwe kwenye hifadhi isiyofutika kwa siku 30, au nje ya mtandao kabisa. Pia isiwe jengo moja: kituo cha SBG2 cha OVH huko Strasbourg kiliungua tarehe 10 Machi 2021, na waliokuwa na seva na bekapu humohumo walikosa vyote viwili.

Ukisimba ghala la pgBackRest kwa `repo1-cipher-pass`, nenosiri hilo lipo kwenye faili la mipangilio la seva itakayoungua. Liandike, lifungie kwenye kasiki mbili, Dar na Dodoma. Likipotea, una GB 400 za takataka.

Kobe_Taratibu · #14

Swali la mwisho, wakuu. Dar imepona, tunarudije? Na zoezi tufanye mara ngapi?

MamaSeva · #15

Dar ikipata umeme, usiiache PostgreSQL ijiwashe. Zima huduma yake kwenye systemd kabla ya kurudisha mtandao. Kisha nakili diski nzima pembeni, kwa sababu `pg_rewind`, inayoirudisha Dar ifuate Dodoma, inafuta miamala iliyobaki Dar bila kufika Dodoma, na hiyo ndiyo unayoitafuta kwenye usuluhishi. Ndipo:

`pg_rewind --target-pgdata=/data/pg --source-server='host=db-dodoma user=rewinder dbname=postgres'`

Inahitaji `wal_log_hints = on` au checksum za data, ziwashwe leo, siku ile ni kuchelewa. Bila hizo unabaki na `pg_basebackup`, yaani kunakili yote upya: TB 1.2 kwa MB 10 kwa sekunde ni saa 33. Njia ya kati ni `pgbackrest restore --delta --type=standby`, inayolinganisha faili na kuvuta zilizobadilika tu. Dar ikishakuwa replika isiyo na ucheleweshaji, rudini usiku wa wikendi mliouchagua wenyewe. Hakuna haraka, Dodoma inafanya kazi.

Zoezi: kila usiku skripti irejeshe bekapu kwenye mashine ya majaribio na iulize swali moja, `SELECT max(tarehe) FROM miamala`. Jibu likiwa la zamani kuliko RPO yako, simu iite. `pg_amcheck` (ukaguzi wa majedwali na faharasa) Jumapili. Kuhamia Dodoma kabisa, na wateja wakihudumiwa kutoka huko siku nzima, mara 2 kwa mwaka, na amri zitolewe na mtu ambaye hakuandika mwongozo. Aliyeuandika akae pembeni na kalamu, kila atakapoulizwa "hapa unamaanisha nini" anaandika.

Kobe_Taratibu · #16

Nimeangalia `pg_stat_archiver` sasa hivi. `failed_count` 2,117. Nakuja.